Sahani Tisini na Sita za Mama Pascalia

Machi 23. Jua kali.
Daftari hili bosi wetu, Madam Winfred, amelinunua liandikwe moto. Ukurasa wa kulia naandika saa niliyowasha tanuri, joto limefika wapi, na sahani ngapi zimepasuka. Ukurasa wa kushoto hakuniambia niandike nini, na mimi si mtu wa kuacha karatasi safi ipotee bure.

Karakana yetu iko Chaani, nyuma ya yadi ya makontena, ndani ya godauni lililokuwa likiwekwa kahawa zamani. Siku ya joto ukikoroga udongo bado wasikia harufu ya kahawa. Twatengeneza sahani, bakuli na vikombe. Michoro huletwa na wasanii, watu wa kuandikwa magazetini. Msanii huchora kwenye karatasi, Oduor hukandamiza udongo kwenye kalibu, mimi nachoma, Bi Mwanatabu anahamisha mchoro kwa brashi, namwagia gleizi, nachoma tena. Gleizi ni yale maji meupe ambayo moto huyageuza kioo. Nyuma ya sahani twaandika jina la msanii. Yetu hayaandikwi, na hakuna aliyelalamika. Sahani ni ndogo.

Machi 25. Jua.
Hapa kwetu sahani haiuzwi kabla haijaliwa. Ni sheria ya Madam tangu mwanzo: mchoro mpya ukifika, zinatolewa sahani sita za kujaribia, na siku kadhaa chakula cha mchana kinapakuliwa humo. Leo tumejaribu ya msanii mmoja mwenye kofia. Bapa kama karatasi, haina ukingo. Mchuzi wa Oduor umemfika mapajani. Sahani imefeli, na suruali pia.

Machi 30. Mawingu, hayana neno.
Msanii mpya: Emmaculate, mtoto wa hapa hapa Chaani aliyekwenda Nairobi akarudi na miwani. Alinipa shikamoo kamili, si ile ya kutupiwa kama mfupa, nikamwondolea kosa moja. Amebaki na mengine.

Mchoro wake ni uso wa mamake. Mamake twamjua sote: Mama Pascalia, anayekaanga samaki pale njia panda kwenye kibanda cha mabati. Pascalia ndilo jina lake mwenyewe, hilo la Mama ni watu wa bandarini waliomwongezea kwa adabu. Uso uko katikati ya sahani, umejaa, na kitambaa cha kichwa kimefungwa shaghalabaghala, na jasho juu ya pua. Ukingo mweupe, hauna kitu.

"Watu wamekula kwake miaka thelathini, Mama Kafedha," akaniambia. "Wanamwangalia samaki. Hakuna anayemwangalia yeye. Sasa wakimaliza ugali, watamkuta."

Ni maneno mazuri. Maneno mazuri hunitia wasiwasi.

Zinatakiwa sahani tisini na sita, zifike Nairobi kwenye nyumba moja ya sanaa kabla ya katikati ya Juni. Madam ametukusanya akasema zikipendwa tuna kazi ya mwaka mzima. Zisipopendwa, mwenye godauni ana mtu wa matairi anayemsubiri.

Aprili 7. Manyunyu.
Tumeanza kula kwenye sahani za Emmaculate. Maharagwe ya nazi na ugali. Oduor aliupanga ugali ukingoni kama ukuta wa Fort Jesus, katikati pakabaki wazi.

"We Oduor, mbona hivyo?"

"Mathe amenikazia macho. Nitamwekea ugali kwenye paji la uso, aniambie nini?"

Mimi nilijitia ujasiri nikamwaga maharagwe. Nilipofika mwisho nikamkuta Mama Pascalia ana maharagwe jichoni. Nikamfuta kwa kidole. Halafu nikaomba radhi, kwa sauti.

Aprili 8. Vile vile.

Aprili 9. Manyunyu.
Bi Mwanatabu hajagusa hizo sahani hata mara moja. Anapakulia kwenye kifuniko cha sufuria, anakula akiwa ameutazama ukuta. Mimi na yeye tuna miaka minne hapa na sijui kama tumewahi kuzungumza maneno mia. Namwona ana maringo. Mama wa Mtongwe, anavuka feri kila asubuhi na buibui lililopigwa pasi, na akikuta Kiswahili changu cha Kaloleni kimeteleza anakirekebisha bila kuinua macho kwenye brashi.

Aprili 10.
Madam ameuliza sahani imeonekanaje. Tumetazamana. Yeye ameila ofisini kwa uma, saladi, akasema inapendeza. Saladi haifuniki mtu.

Imepita.

Aprili 13. Mvua ya kwanza ya kweli.
Bati linapiga kelele, ndipo watu wanaposema mambo. Nilimpelekea Bi Mwanatabu chai, nikamuuliza mbona hakula na sisi.

"Wewe wajua kombe?" akaniuliza.

Nikasema nimesikia tu, si mambo ya kwetu kanisani.

Akanieleza. Babake alikuwa akiandika kombe. Mgonjwa akiletwa, mzee huchukua sahani nyeupe, akaandika maneno ya dua kwa zafarani, sahani ikaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa yale maji, maandishi yote yakaingia mwilini. Yeye akiwa mtoto ndiye aliyemshikia babake sahani isitikisike. Hapo ndipo ufundi wa mkono wake ulipotoka. Sisi sote twadhani alisomea mahali.

"Kwa hivyo mimi nikiandika kitu sahanini," akasema, "nakiandika kiliwe. Maua, sawa. Samaki, sawa. Mama wa mtu? Wallahi, nitamlisha nani mama wa mtu?"

"Umwambie Madam."

"Madam alisema imepita."

Akarudi kwenye brashi. Nikahesabu: maneno zaidi ya mia, siku moja.

Aprili 16. Mvua. Sahani mbichi hazikauki. Oduor anazipepea kwa katoni.

Aprili 17. Mvua.

Aprili 20. Mvua. Bi Mwanatabu amegeuza kiti chake, sasa anatuonyesha mgongo. Anasema anafuata mwanga. Mwanga uko upande huu.

Aprili 29. Mvua tangu alfajiri.
Leo naandika polepole, maana ukurasa wa kulia nimeujaza uongo. Nimeandika "Sahani 96, uchomaji wa pili, hakuna tatizo."

Bi Mwanatabu alileta sahani zake kwenye mbao, zimefunikwa leso. Nikachukua ya kwanza niitie gleizi. Nyeupe. Nikadhani ameisahau. Ya pili, nyeupe. Nikaigeuza, na Mama Pascalia akanitazama kutoka upande wa chini, pale ambapo sahani hukalia meza.

Ni kweli niseme: sijapata kuona kazi kama ile. Jasho la puani lilikuwa nukta moja tu, na lilikuwa jasho.

"Bi Mwanatabu. Uso uko chini."

"Upo pahala pake."

"Mchoro unasema juu."

"Mchoro umechorwa na mtoto ampendaye mamake. Hakufikiria ugali." Akakunja leso yake. "Mimi kazi yangu imekwisha. Tanuri ni lako."

Sasa sikiliza wewe daftari, maana wengine sitawaambia. Kwa kawaida kitako cha sahani hakina gleizi, naiweka rafuni hivi hivi. Sahani yenye mchoro chini lazima igleiziwe chini pia, na ukiiweka rafuni itagandamana nayo. Kwa hivyo kila moja inataka kusimamishwa juu ya vijiguu vitatu vya udongo. Sahani tisini na sita ni vijiguu mia mbili themanini na vinane. Mtu hawezi kupanga vijiguu mia mbili themanini na vinane halafu aseme hakuona. Na niliangalia kila kijiguu kisimame kwenye kitambaa cha kichwa, kisimguse usoni.

Ningeweza kwenda ofisini. Hatua kumi na mbili. Lakini nilikuwa nimekula juu ya uso ule siku nne, na siku zote nne sikushiba.

Nikawasha.

Aprili 30. Mvua imepumzika.
Nimefungua tanuri. Hakuna hata moja iliyopasuka. Moto nao una upande wake.

Mei 4. Mvua kubwa. Barabara imejaa, malori yamekwama hadi mzunguko.
Emmaculate alikuja na maua ya Madam na keki yetu sote. Aliingia amelowa, anacheka, akavua miwani akaifuta, akachukua sahani ya kwanza.

Nyeupe. Akaiweka. Ya pili. Ya tatu. Alipofika ya nne kicheko kilikuwa kimeisha.

"Mama yangu yuko wapi?"

Oduor, ambaye Mungu alisahau kumtia breki, akasema, "Geuza."

Akageuza. Akatazama muda mrefu, nikadhani labda ameipenda. Halafu akasema kwa sauti ndogo sana, "Mmemlaza kifudifudi."

"Wewe ulimlaza chali ukamfunika ugali," akasema Bi Mwanatabu.

"Nilitaka aonekane! Maisha yake yote yuko chini ya watu, nyuma ya moshi. Sasa na kwenye sahani mmemweka chini!"

"Mwanangu, mimi nimemsitiri."

"Nani alikuomba umsitiri?"

Madam alitoka ofisini. Aliangalia sahani moja, juu na chini, kama mtu anayekagua paspoti. "Nani amefanya hii?"

"Mimi," akasema Bi Mwanatabu.

Nilingoja swali la pili: na nani aliyezichoma? Halikuulizwa. Mimi ndiye jibu lake, na mdomo wangu ulikuwa na keki.

"Bi Mwanatabu, kaa nyumbani mpaka nikuite," Madam akasema.

Sentensi hiyo naijua. Marehemu mume wangu aliambiwa kiwandani, akakaa miaka tisa.

Bi Mwanatabu aliosha brashi zake moja moja, akazifunga kwenye leso, akavaa buibui. Mlangoni akanigeukia, nikadhani atanitaja. Akasema, "Hilo bomba la gesi lavuja kidogo, liangalie." Akaenda kwenye mvua.

Mei 5. Mvua. Kiti kitupu. Bomba lilikuwa linavuja kweli.

Mei 8. Mvua.
Madam ameleta fundi anayechora magari ya matatu, kijana hodari, rangi zake zinang'aa hadi Miritini. Amemchora Mama Pascalia. Ametoka kama mgombea kiti. Oduor ameuliza ni wa chama gani.

Emmaculate mwenyewe alijaribu kwa brashi. Karatasi humngoja mtu, udongo uliochomwa hunywa rangi wewe ukiwa bado unafikiria. Alijaribu sahani kumi na moja. Ya kumi na moja aliiweka chini polepole, akatoka nje kusimama chini ya paa la kontena. Nilimpelekea chai. Akasema, "Yule mama anajua kuchora." Nikasema, "Ndiyo." Akasema, "Inaudhi." Hapo nikamwondolea makosa mawili kwa mpigo.

Mei 11. Mvua asubuhi, jua la kuazima mchana.
Keki ile haijashuka kooni mpaka leo. Nikatia sahani mbili kikapuni, ile ya kujaribia yenye uso juu na moja ya tisini na sita, nikaenda kwa Mama Pascalia kula samaki. Nilipomaliza nikaziweka mezani bila kusema kitu.

Akajifuta mikono. "Huyu nani?"

"Si wewe?"

Akaichukua. "Mimi huyu? Na kitambaa hiki?" Akashika kichwa chake. Kilikuwa kile kile. "Hiki nafungia moshi! Nani amenichora na kitambaa cha moshi?"

"Emma."

"Emma!" Akaketi kwenye ndoo. "Krismasi alinipiga picha na simu, nikadhani ya WhatsApp. Hakuniambia. Mtu anachorwa asiambiwe avae?"

Nikamweleza yote: Nairobi, ugali, kombe, kifudifudi, kiti kitupu. Na vijiguu pia, maana nilikuwa nimeanza na ulimi ulishapata mteremko.

Alisikiliza huku akimgeuza samaki wa mteja. Mwishoni akauliza, "Kwa hivyo huyu mtoto wangu ameamua pa kuniweka, na huyo mama wa Mtongwe ameamua pa kuniweka. Mimi niko hapa njia panda, hatua mia mbili. Hakuna aliyekuwa na miguu?"

Akaniongezea samaki, nadhani ndiyo adhabu.

Mei 13. Mvua nyembamba.
Saa nne asubuhi mlango umefunguliwa, akaingia Mama Pascalia. Kitambaa cha buluu cha akina mama wa kanisa kimefungwa mfano wa nyota, hereni, mkoba, viatu ameshika mkononi kwa sababu ya matope. Akavivaa mlangoni.

"Hodi. Nimekuja kuchorwa."

Madam alisimama mara mbili, maana mara ya kwanza hakuwa amesimama vizuri. Emmaculate alikuwa ofisini, akatoka mbio.

"Mama! Ilikuwa iwe zawadi yako."

"Zawadi yangu, mbona ziko tisini na sita na mimi sina hata moja?"

Oduor alijificha nyuma ya kalibu akicheka.

Mama Pascalia akachukua sahani moja ya Bi Mwanatabu, akaitazama kwa chini, kichwa amekiinamisha. "Aliyenichora hivi yuko wapi?"

"Yuko... nyumbani," Madam akasema.

"Mwiteni. Amenikosea, hakuniuliza. Lakini pua yangu ameipata. Wewe Emma, pua ya karatasi yako ni ya shangazi yako."

"Mama, basi uwekwe wapi?" Emmaculate akauliza. Na nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu Machi mtu yeyote kuuliza.

Mama Pascalia hakufikiri hata kidogo. Akagusa ukingo wa sahani, upande wa mbali na mlaji. "Hapa. Chini ya samaki sikai, na chini ya sahani sikai. Mimi miaka yote nasimama kando nikiangalia nani hajashiba. Niweke kando, na kitambaa hiki, nimwangalie huyo mtu wa Nairobi kama anamaliza."

Emmaculate alivua miwani akaifuta. Haikuwa na maji. Akatoa penseli.

Mimi nikapiga zile hatua kumi na mbili. "Madam, sahani nilichoma mimi. Niliona."

"Najua, Mama Kafedha. Vijiguu karibu mia tatu havijipangi."

"Mbona hukuuliza?"

"Ningeuliza ungejibu. Halafu tanuri angewasha nani?" Akachukua mwavuli. "Twende Mtongwe."

Mei 14.
Jana nilichoka kumalizia. Tulivuka feri tukiwa tumelowa kama nguo. Kwa Bi Mwanatabu tulikuta mkeka umetandikwa, chai ya tangawizi imo ndani ya thamosi, na vikombe vitatu. Vitatu. Nani alimwambia tuko wangapi?

Madam ni mtu wa Machakos, hajui kuzunguka. Alikaa mkekani na suruali yake ya ofisi akasema, "Nimekosa. Sahani ile nilikula na uma."

Bi Mwanatabu akamimina chai. "Mimi nami nilikosa. Nilimsitiri mtu mwenye mdomo wake." Akanitazama. "Na huyu?"

"Huyu alikuwa anakula keki," nikasema.

Akacheka. Miaka minne, sikujua ana mwanya.

Alipoinuka kuchukua buibui nikaona brashi zake dirishani, zimekwisha kulainishwa, ziko tayari.

Mei 18. Mvua. Oduor amekandamiza sahani mia moja na kumi, tukiwa na akiba ya kupasuka.

Mei 21. Mvua. Tumezikausha kwa majiko ya makaa. Godauni lina joto la kumwivisha mtu. Emmaculate anapepea kwa katoni, Oduor anamfundisha namna ya kukunja mkono.

Mei 27. Idd. Bi Mwanatabu hayupo, ametuma sinia la pilau. Tumekula wote humo humo. Sinia halina picha ya mtu.

Juni 2. Mvua.
Kujaribia. Wali na mchuzi wa samaki. Mama Pascalia yuko ukingoni, kitambaa cha buluu, anatazama. Oduor amemaliza hadi chembe ya mwisho. "Mathe anaangalia," akasema. Madam amekula kwa mkono, mezani kwetu. Bi Mwanatabu amekula kwenye sahani, si kwenye kifuniko.

Imepita.

Juni 8. Jua, Mungu ni mwema.
Zimeondoka. Nne zilipasuka, akiba ilitosha. Nyuma kuna majina mawili sasa, Emmaculate ndiye aliyeshikilia. Bi Mwanatabu aliandika la msanii kubwa, lake dogo kama sisimizi.

Zikabaki zile tisini na sita za kwanza. Wiki ile ya hasira Emmaculate alisema zivunjwe, lakini nyundo ilipotafutwa hakuna aliyekumbuka ilipo. Mimi nilikuwa nimeikalia. Mama Pascalia amekuja na mkokoteni. "Kitambaa cha kazi kikae kazini," akasema, akazichukua zote.

Juni 20. Jua.
Madam amepigiwa simu kutoka Nairobi. Wanataka wasanii wanne zaidi. Mtu wa matairi atafute godauni jingine.

Mchana nilikwenda njia panda kula samaki. Kibanda kimejaa makuli na madereva, vichwa chini, wote wanamtazama samaki. Sahani zao nyeupe, nzuri kuliko za hoteli yoyote ya kule ufuoni, na hakuna hata mmoja anayejua chini ya sahani yake kuna uso wa nani.

Nyuma ya kibanda, kwenye beseni, alikuwa Emmaculate, amekunja mikono ya shati, miwani imepanda kichwani. Amekuja kumsaidia mamake wikendi hii. Alikuwa akiosha upande wa juu haraka haraka, kama mtu yeyote. Halafu anageuza. Povu linateremka, uso unatoka, kitambaa cha moshi, jasho juu ya pua. Anaupitishia kidole gumba, taratibu, kwenye shavu. Anatazama. Anaiweka kando, anachukua nyingine, anageuza, anatazama tena kana kwamba hii ni mpya.

Nilisimama pale na sahani yangu mkononi, sikutaka kumharakisha.

"Emma!" Mama Pascalia akapaza sauti kutoka kwenye karai, hajageuka. "Zioshe, usizitazame! Watu wangoja kula!"